Mwanga wa magari ya nyuma usiku: vioo, tinti, miwani ya njano, kipi kinasaidia kweli?

Sedani_ya_Chini

Wakuu, habari za humu. Naomba majibu ya kifundi, si "utazoea tu".

Gari ni sedani ya chini. Usiku likikaa nyuma pikapu au gari lolote la juu, mwanga unaingia kupitia vioo vyote vitatu: cha kati, cha pembeni upande wa dereva, na kwa kiasi kidogo cha upande wa abiria. Kioo cha kati kina kile kijiti cha chini, lakini nikikigeuza naona siti ya nyuma badala ya barabara, kwa hiyo hakitumiki. Vioo vya pembeni ni vya kawaida, vinasogezwa kwa swichi ya mlangoni. Navaa miwani ya kuona mbali.

Ushauri ninaokutana nao ni wa aina nne: tinti kioo cha nyuma, kununua kioo cha kati kinachojififisha chenyewe, filamu ya bluu kwenye vioo vya pembeni, na miwani ya njano. Kabla hela haijatoka mfukoni, kipi kinafanya kazi na kipi ni biashara ya watu? Na gari likining'ang'ania nyuma, nifanye nini pale pale?

Mzee wa Prizimu

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Kioo chako cha kati ni kizima, kilipangwa tu kijiti kikiwa upande usio wake.

Kioo cha aina hiyo si bapa. Kikitolewa kwenye fremu na kutazamwa kwa ubavu ni kabari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Kina nyuso mbili zinazorudisha mwanga. Uso wa nyuma umepakwa madini na hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga. Uso wa mbele ni kioo kitupu, na kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 tu. Kwa kuwa nyuso hizo haziko sambamba, kila mmoja hupeleka picha mahali pake. Mchana unatazama picha ya uso wa nyuma. Usiku ukivuta kijiti, kioo kinainuka digrii chache, uso wenye madini unaanza kutazama dari ya gari ambayo ni giza, na jicho lako linabaki na picha ya uso wa mbele. Ukilinganisha 80 na 4, mwanga umepungua kama mara 20, na hujatoa hata senti.

Sasa, aliyekipanga akiwa na kijiti kimeshavutwa kuja kwake, alilenga barabara kwa uso wenye madini huku kioo kikiwa mkao wa usiku. Ukikirudisha mkao wa mchana kioo kinainama chini, ndiyo hiyo siti ya nyuma unayoiona.

Kipange hivi. Kaa kama unavyokaa ukiendesha, mgongo umegusa siti. Sukuma kijiti mpaka mwisho kuelekea kioo cha mbele. Kwenye magari mengi huo ndio mkao wa mchana. Shika fremu kwa kingo, si kwa kijiti, ulenge kioo cha nyuma chote kionekane katikati. Halafu vuta kijiti. Barabara inatakiwa ibaki pale pale, ila hafifu. Ikipotea, rudia bila kugusa kijiti wakati wa kulenga.

Mambo mawili yatakushangaza. Taa ya ndani ikiwaka, utaona dari imejichora juu ya barabara, maana uso wenye madini sasa una kitu cha kuonyesha. Zima taa, picha itapotea. La pili, kwenye mkao wa usiku unabaki kuona taa tu, umbo la gari linamezwa na giza, kwa hiyo kukadiria umbali ni kugumu. Unapotaka kuhama njia, sukuma kijiti nusu sekunde, tazama, kirudishe.

Kijiti kikilegea kiasi kwamba picha inatetemeka na mngurumo wa injini, springi ya ndani imechoka. Hiyo haitengenezwi, unabadilisha kioo kizima. Na kama juu yake umevalishwa kile kioo kirefu cha kubana, kitoe leo. Vingi si kabari, kwa hiyo kijiti cha chini kinabaki pambo.

Vioo vya pembeni ndiko kwenye faida kubwa ambayo watu hawaijui. Wengi tumefundishwa kuviweka tuone ubavu wa gari letu ndani yake. Kwa mpangilio huo vioo vitatu vinatazama mahali pamoja, nyuma moja kwa moja, na gari moja linakupiga mara tatu. Mwaka 1995 mhandisi George Platzer alichapisha kupitia SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, uchambuzi wa jiometri ya vioo na namna ya kuvielekeza nje zaidi. Shabaha ilikuwa kuondoa sehemu zisizoonekana pembeni ya gari, lakini mwanga wa nyuma nao unakosa pa kupita.

Egemeza kichwa kwenye kioo cha mlango wa dereva. Sogeza kioo cha pembeni cha upande huo kwenda nje mpaka ubavu wa gari lako ubaki kama mstari mwembamba. Kisha sogeza kichwa hadi katikati ya gari, kati ya siti mbili za mbele, ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha abiria. Ukirudi kukaa wima hutaona gari lako kwenye vioo hivyo hata kidogo. Siku mbili tatu utahisi umepotea. Vumilia.

Kwa nini inafanya kazi: kioo bapa cha dereva kinaonyesha upana wa digrii 15 hivi. Gari likiwa mita 10 nyuma yako kwenye njia yako, taa yake iliyo mbali zaidi na kioo chako iko kama mita moja na nusu kando ya mstari wa kioo, sawa na pembe ya digrii 9. Ukiisogeza picha nje kwa digrii 15, taa zote mbili zinakosa kioo. Kioo kikizunguka digrii moja picha inazunguka mbili, kwa hiyo ni kubonyeza swichi kidogo tu, digrii saba au nane.

Namna ya kuhakiki ukiwa njiani: gari linalokupita lianze kuonekana kioo cha pembeni kabla halijaisha kioo cha kati, na ulione kwa pembe ya jicho kupitia dirisha kabla halijaisha kioo cha pembeni. Likipotea popote katikati, umezidisha. Rudisha ndani kidogo.

Mpangilio huu hauna maana kwenye gari ambalo kioo cha nyuma kimezibwa na mzigo au halina kabisa. Hapo vioo vya pembeni ndivyo macho yako yote.

Kiza_Kizuri

Maelezo mareeefu. Weka tinti nzito kioo cha nyuma, kesi imefungwa. Mwanga unakatwa kabla haujaingia ndani.

FundiUmeme_12V

Kiza_Kizuri, tinti inakata mwanga, hilo halina ubishi. Tupige hesabu tu.

Filamu inayopitisha asilimia 35 inapunguza mwanga hadi kama theluthi moja. Kijiti cha bure kinapunguza mara 20. Tena tinti ya kioo cha nyuma haigusi vioo vya pembeni hata kidogo, kwa sababu mwanga wake haupiti kwenye kioo hicho. Ukiviweka pamoja, tinti ya 35 na kijiti kimevutwa, kinachobaki ni 0.35 mara 4, yaani asilimia 1.4. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 46, inayohusu vioo vya magari, inataka kioo kirudishe angalau asilimia 40 mchana, na kikiwa mkao wa usiku kisishuke chini ya asilimia 4. Wewe umeshashuka mbali chini ya hapo. Gari lenye taa utaliona. Baiskeli isiyo na taa, au mtu anayekatiza nyuma yako ukirudi rivasi, hutamwona. Na kabla ya kubandika chochote soma sheria ya mahali gari liliposajiliwa, maana viwango vya tinti vinatofautiana sana.

Tinti ina ubaya mwingine unaomhusu Sedani_ya_Chini moja kwa moja kama anafikiria kioo kinachojififisha.

Kioo hicho ni vioo viwili vyembamba vyenye jeli katikati. Umeme mdogo, volti moja na ushee, ukipitishwa kwenye jeli inageuka nyeusi yenye ukijani au ubluu. Ukikatwa, inarudi kuwa angavu. Kina macho mawili ya kupima mwanga. La kwanza liko mgongoni, linatazama nje kupitia kioo cha mbele kujua kama ni usiku. La pili liko upande wa dereva, linatazama nyuma. Kioo kinafifia pale tu jicho la mbele linaposema giza na la nyuma linaposema mwanga. Ukiweka tinti nzito, jicho la nyuma linapokea theluthi tu ya mwanga na linaweza lisifikie kiwango cha kuamka. Na kwenye magari ambayo vioo vya pembeni navyo vinajififisha, amri inatoka kwenye hilo hilo jicho la kioo cha kati. Matokeo yake vioo vya pembeni vinabaki angavu huku pikapu inakuchoma, kwa sababu ya tinti uliyoweka ikusaidie.

Kwa wenye kioo hicho ambacho "hakifanyi kazi", kipime kabla ya kukilaani. Egesha mahali pana mwanga, swichi ya gari iwe ON, gia isiwe rivasi. Ziba jicho la mgongoni kwa kidole au utepe mweusi. Mulika jicho la upande wako kwa tochi ya simu, karibu kabisa. Subiri sekunde 10 hadi 30. Kikififia, kioo ni kizima, tatizo ni kinachokizuia njiani: kioo cha kubana juu yake, tinti, au mzigo uliorundikwa mpaka juu. Kikififia mchana kweupe, tazama mgongoni. Mara nyingi stika au kamera ya dashibodi imeziba jicho la mbele, na kioo kinadhani ni usiku saa zote.

Kisipofifia kabisa, chukua multimita. Kwanza soketi ya nyuma ya kioo: kuna volti 12 swichi ikiwa ON, na waya wa hasi unashika bodi vizuri? Halafu pima waya unaotoka taa ya rivasi. Kazi yake ni kukifanya kioo kuwa angavu unaporudi nyuma. Swichi ya rivasi ikikwama, au aliyefunga kioo akiunga waya huo mahali penye volti 12 za kudumu, kioo hakitafifia milele na wewe utabadilisha vioo vitatu bure.

Ukiona doa linalotembea kama mafuta ndani ya kioo, au tone limening'inia ukingoni, jeli inavuja. Usiguse kwa mkono mtupu, na usiache idondokee dashibodi, inaharibu plastiki. Kioo hicho kimekwisha.

Ukinunua cha kufunga mwenyewe, kwa kawaida kina waya tatu: chanya inayowaka na swichi, hasi, na ya rivasi. Rangi zinatofautiana kwa mtengenezaji, soma karatasi yake. Chanya ichukue kwenye sanduku la fyuzi kupitia fyuzi yake ndogo, usiunge popote tu. Waya ukishuka kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upite NYUMA ya mfuko wa hewa wa pazia, ufungwe kwenye waya zilizopo. Ukipita mbele yake, siku mfuko unafumuka waya unaweza kuuzuia au kuchomoka na kukurukia.

Kwa kesi ya mleta mada, kijiti kinatosha. Kioo cha umeme kinafaa anayechoka kuvuta kijiti kila dakika, au mwenye vioo vya pembeni vinavyoungana nacho.

Miwani_Mbili

Nichangie upande wa macho, maana miwani ya njano imetajwa na hapa ndipo watu wanaibiwa.

Iache. Mwaka 2019 watafiti wa Schepens Eye Research Institute, Boston, walichapisha kwenye jarida la JAMA Ophthalmology jaribio la mashine ya kuigiza udereva wa usiku. Miwani ya njano haikuwasaidia madereva kumwona mtembea kwa miguu wakati taa zinawapiga. Kama kuna tofauti, ilikuwa kuelekea ubaya. Sababu si ngumu. Lenzi ya rangi inapunguza mwanga wote, wa taa inayokuudhi na wa mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni ya barabara. Taa ina mwanga wa kupoteza. Yule mtu hana.

Kwa anayevaa miwani ya kuonea, cha kuuliza kwa mtengeneza miwani ni tabaka la kuzuia mwakisiko, na uulize kama limepakwa pande MBILI. Lenzi tupu ya plastiki hurudisha karibu asilimia 4 kila uso. Kwa taa za mbele ya gari hilo ni dogo. Kwa taa za nyuma, mwanga unapita kando ya kichwa, unagonga uso wa ndani wa lenzi na kurudi jichoni kama kioo kidogo kilichowekwa sentimita mbili mbele ya jicho. Ukiona kivuli cheupe kinaelea kwenye lenzi gari likiwa nyuma, na kinapotea ukifunika upande wa kichwa kwa kiganja, umekipata. Fremu zenye mikono mipana zinapunguza pia.

Jambo la pili ni kujua mwanga huu unakufanya nini. Unapoingia jichoni, sehemu yake inasambaa ndani ya lenzi na majimaji ya jicho na kutandaza ukungu juu ya unachokitazama. Nguvu ya ukungu huo hupungua takriban kwa mraba wa pembe kati ya taa na unakotazama. Taa ya gari linalokuja, digrii 3 tu kutoka unakotazama, inaleta ukungu mara 100 zaidi ya mwanga ule ule ukitokea digrii 30 pembeni, kama kwenye kioo. Kwa hiyo taa za nyuma zinaudhi kuliko zinavyopofusha, MPAKA ugeuze macho ukazitazame. Hapo pembe inakuwa sifuri. Mtu akiudhiwa hutazama kioo tena na tena kuona kama jamaa bado yupo, na kila mara anaanza upya kuzoea giza. Tupia jicho chini ya sekunde moja, lielekee ukingo wa picha, si taa zenyewe.

Punguza mwanga wa dashibodi na wa skrini ya redio pia. Si kuzima, kupunguza hadi usome mwendo bila kukaza macho.

Kutandaa huko kwa ukungu huongezeka na umri. Kama miale na duara kuzunguka taa vimeanza karibuni au vinazidi, na havipungui ukibadilisha gari, nenda ukapimwe macho. Mtoto wa jicho huanza hivyo hivyo, na hakuna kioo kitakachomsaidia mtu huyo.

Sedani_ya_Chini

Asanteni sana. Kabari nimeielewa na kijiti kimekubali. Mzee wa Prizimu, maswali mawili. Nikielekeza vioo vya pembeni nje, kuegesha kinyumenyume si nitakwangua ukuta, maana sioni kona ya gari? Na filamu ya bluu hujaigusa.

Mzee wa Prizimu

Swali zuri. Kuegesha, sogeza kichwa kuelekea kioo husika, kama sentimita 15 hadi 20, ubavu wa gari utarudi kuonekana. Kama swichi ni ya umeme, bonyeza ndani kwa kuegesha kisha urudishe; weka alama ya kukumbuka, mfano kitu gani kinagusa ukingo wa ndani wa kioo ukiwa umeegesha mahali pako pa kawaida. Gari lenye kumbukumbu ya siti huhifadhi mikao miwili, tumia moja kwa mchana na kuegesha, nyingine kwa safari ya usiku.

Filamu ya bluu: za kubandika nyingi ni rangi tu. Zinapunguza mwanga kidogo, halafu zinaleta mapovu na mikwaruzo, na kila povu linatawanya taa kuwa nyota. Umeondoa kero moja ukaleta mbili. Kama kioo kina kipasha joto nyuma, gundi ya filamu nayo inalegea. Anayetaka rangi kweli abadilishe kioo chenyewe, kile kilichotiwa rangi kiwandani, kwa namba ya gari lake. Na asibadilishe aina: kioo cha abiria kwenye magari mengi kimebinuka, picha yake ni ndogo na hafifu zaidi, ndiyo maana umesema kinakusumbua kidogo tu. Ukiweka bapa hapo unakaribisha mwanga na unapoteza upana wa kuona.

Taa_Asilimia_Moja

Mmezungumzia anayepokea, ngoja niseme kuhusu taa zenyewe, kwa sababu wengi hudhani aliye nyuma amewasha fulu makusudi.

Mara nyingi yuko dimu, yaani taa za chini. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48 inaruhusu taa za dimu kukaa hadi milimita 1,200 kutoka ardhini, na zinalengwa zishuke kidogo. Kushuka kwa asilimia 1 maana yake ni sentimita 10 kila mita 10. Chukua pikapu yenye taa kwenye urefu wa sentimita 90. Mita 15 mbele, ukingo wa juu wa mwanga uko sentimita 75, chini ya vioo vyako. Mpakie mzigo nyuma, pua inyanyuke digrii moja tu. Digrii moja kwa mita 15 ni sentimita 26. Sasa ukingo uko mita moja na sentimita moja, pale pale kilipo kioo cha pembeni cha sedani. Dereva hajagusa swichi yoyote. Kwenye magari mengi kuna kigurudumu cha kushusha taa pembeni ya usukani, chenye 0 hadi 3 au zaidi. Wenye mzigo wengi hawajawahi kukigusa.

Sababu ya pili ni balbu za LED zilizopachikwa kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni. Kioo cha ndani ya taa kimepigiwa hesabu kwa uzi wa halojeni uliokaa mahali pamoja kamili. Balbu ya halojeni aina ya H4 ina hata kikombe kidogo chini ya uzi wa dimu cha kuziba mwanga usipande juu. Chipu ya LED ikikaa milimita moja kando, au balbu ikifungwa imepinda, ule mstari wa kukata mwanga unapotea na taa inamwaga kila upande.

Kuzitofautisha: mwanga ukikupiga kwa vipindi, gari lake likipanda tuta tu, hizo ni dimu zilizolengwa sawa, ziache. Ukidumu na kivuli cha kichwa chako kikachoreka kwenye dashibodi, ni fulu au taa zilizonyanyuka.

Cha kufanya pale pale. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: akitoka mita 10 kwenda 20 unabaki robo. Huwezi kumrudisha nyuma, ila unaweza kumpa nafasi apite. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, shuka kilomita 5 hadi 10 kwa saa bila kugusa breki, na palipo na upana mpishe ukiwa umeonyesha indiketa mapema. Kwenye njia nyingi, hama. Asipopita, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, ili ukilazimika kusimama usimame polepole na yeye apate muda.

Kugusagusa breki kumtisha, kuwasha taa ya ukungu ya nyuma, kumulika kwa taa ya rivasi: hayo yote ni kumvuta karibu zaidi, au kumfanya dereva wa tatu asielewe kinachoendelea. Taa ya ukungu ya nyuma inafanana sana na taa ya breki, na aliye nyuma hatajua umesimama saa ngapi.

Na wewe mwenyewe uliyekaa mbele, angalia mgongo wa gari lako. Springi za nyuma zikichoka au buti ikijaa, pua yako ndiyo imenyanyuka, na kuna mtu mbele anauliza swali hili hili.

Kiza_Kizuri

Hesabu ya 1.4 nimeikubali, naondoa neno "nzito". Lakini bila tinti mbona mwanga kwenye kioo cha nyuma unatawanyika, kioo kizima kinakuwa cheupe?

FundiUmeme_12V

Huo ni uchafu, tena wa ndani. Plastiki za gari zikipata joto hutoa mvuke unaoganda kwenye vioo kama utando wa mafuta. Mchana hauonekani. Usiku unageuza taa mbili kuwa pazia.

Futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 50 hadi 70 na kitambaa cha maikrofaiba, mara mbili: cha kwanza kinatoa mafuta, cha pili kikavu kinatoa kilichobaki. Ukitumia kitambaa kimoja unayahamisha tu. Kwenye kioo cha nyuma fuata mkondo wa zile nyaya za kupasha joto, kushoto kwenda kulia, usizikate kwa kufuta juu chini, na wembe usikaribie kabisa. Waya mmoja ukikwanguka mstari wake wote unakufa. Kioo chenye tinti usitumie dawa yenye amonia. Vioo vya kuangalia nyuma nyunyizia kwenye kitambaa, si kwenye kioo, maji yakipenya ukingoni yanakula madini kwa nyuma na kwenye kioo cha umeme yanaingia kwenye saketi.

Ukimaliza, usiku tazama taa moja ya mbali kupitia kioo cha mbele, au cha nyuma kama kina waipa. Ikibaki na miale mirefu ya upande mmoja hata baada ya kusafisha, hiyo ni mikwaruzo ya waipa, na miale huwa inakatiza mikwaruzo kama msalaba. Badilisha mpira wa waipa kwanza, maana ukisugua kioo kwa dawa ya kung'arishia huku mpira mbovu upo, wiki mbili tatu utarudi hapo hapo.